Mapipa ya Zinki na Uji Uliochacha

Alhamisi. Ukungu haujaondoka Meru tangu asubuhi, na yale manyunyu ya mwezi wa saba yanaanguka bila kuamua kama ni mvua au la. Nimevaa sweta mbili. Bado natetemeka, na najua si baridi.

Leo nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu yenyewe haijaisha. Nimemwomba mume wangu asubiri, nitamweleza nikimaliza kuandika. Nikianza kusimulia kwa mdomo najua nitajitetea. Kwenye maandishi ni vigumu kidogo kujidanganya.

Kwa msomaji ambaye hanijui: mimi ni Kagendo, ingawa wengi huniita Mama Mwenda, na nina karakana ya mabati hapa mjini. Tunatengeneza chochote kinachotoka kwenye shiti ya chuma. Milango ya stoo, mabomba ya moshi ya jikoni, vifuniko vya mashine, mapipa, vihori vya ng'ombe. Kukunja na kuchomelea ni kazi ya Mzee Gitonga, ambaye amenifundisha nusu ya yale ninayoyajua. Kazi yangu mimi ni kupima, kuchora, na kuamua chuma kitavishwa nini.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Hudhani rangi ni urembo tu. Lakini chuma kikiachwa uchi huku kwetu milimani hakimalizi msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo kila kazi inapoingia najiuliza: tuipige praima na rangi ya mafuta? Tuipeleke ikapuliziwe rangi ya unga, ile inayookwa kwenye oveni? Tutumie shiti iliyotoka kiwandani ikiwa imevishwa zinki? Au tutafute stenlesi, ambayo haihitaji kuvishwa kitu? Uamuzi ni wangu, na kwa miaka mingi nimejivunia kwamba sikosei.

Nilikosea.

Mwezi uliopita alikuja Mama Kinya, mpishi wa shule moja ya msingi upande wa Timau. Shule yenyewe siitaji, haina kosa. Alitaka mapipa mawili ya jikoni yenye kifuniko juu na mfereji mdogo chini, ule wa kufungua na kufunga. Pipa lao la zamani, alisema, lilikuwa la shiti nyeusi iliyopakwa rangi ndani. Rangi ikababuka, magamba yakawa yanaelea kwenye uji.

Nataka hili lieleweke. Neno uji nililisikia. Siwezi kusema sikuambiwa.

Mzee Gitonga aliuliza kama tuagize stenlesi kutoka Nairobi. Nikasema itachelewa na shule inataka mapipa kabla ya baridi kali. Ni kweli ingechelewa. Lakini kuna kweli nyingine: napenda zinki. Inang'aa. Mteja hutabasamu kabla hujamweleza sifa zake. Na kule Timau, ambako umande hautoki kwenye nyasi hadi karibu saa nne, kitu cha zinki hukaa miaka bila kushika kutu. Nilifikiria kutu, na baada ya kutu sikufikiria kitu kingine. Tukakata zinki, Mzee Gitonga akachomelea huku akikohoa kwa ule moshi mweupe wa zinki anaouchukia, na Jumatatu mapipa yakachukuliwa.

Leo asubuhi, kama saa mbili na nusu, Mama Kinya akanipigia simu kunishukuru.

"Mama Mwenda, hizo pipa zako ni nzuri sana," akasema. "Moja nimelowekea unga tangu juzi, umechacha vizuri kabisa. Hiyo ingine ndio nitatolea uji saa nne. Hawa watoto wanapenda ukiwa mkali."

Nikafurahi. Nikamwambia awasalimie walimu. Nikaweka simu mfukoni nikarudi kazini, na moyo wangu ukiwa mweupe kabisa.

Mezani kwangu alikuwa amekaa msimamizi wa shamba moja la mboga. Alitaka trei na vifuniko vya kile chumba wanachochanganyia mbolea, na kwa kuwa alikuwa ameona mapipa yangu mengine pale nje, akasema anataka "hiyo inayong'aa." Nikamuuliza wanachanganya nini humo. Akasema mbolea, na asidi kidogo ya kurekebisha maji.

"Basi hapo usiweke zinki," nikamwambia. "Asidi inaila. Tutumie shiti nyeusi, tuipe rangi ya unga, tabaka mbili."

"Inaila inaipeleka wapi?" akauliza. Alikuwa anauliza tu, mtu anayependa kujua.

"Inaingia kwenye maji."

Kalamu ilikuwa mkononi, nimeanza kuandika vipimo, na sikuweza kuandika namba ya pili. Uji uliochacha. Ule ukali ambao watoto wanaupenda ni asidi. Hakuna mtu huku kwetu anayeuita hivyo. Tunauita ucuru na tumelelewa nao, tunampa mama aliyejifungua na mgeni aliyetoka mbali, na hakuna anayekaa na kikombe cha ucuru akafikiria asidi. Lakini chuoni mwalimu wetu alitwambia waziwazi: chombo cha zinki ni cha maji, usikiwekee chakula chenye ukali. Alitaja limau, alitaja siki. Niliandika kwenye daftari. Nilifaulu hata mtihani.

Na unga umo ndani ya zinki yangu tangu juzi.

Yule bwana aliniuliza kama niko sawa. Nilikuwa ninampigia Mama Kinya, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Huwa anaizima anapoanza kupika, aliwahi kuniambia, isije ikaanguka kwenye sufuria. Namba ya mwalimu mkuu sina. Ya mwenyekiti wa wazazi ninayo, kwa sababu ndiye aliyekuja kuchukua mapipa. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga mara nne. Baadaye nilijua alikuwa kwenye trekta shambani.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Nikachukua ufunguo wa pikapu. Mzee Gitonga akaniuliza naenda wapi, nikamwambia Timau, na nadhani aliona uso wangu kwa sababu hakuuliza tena. Alisogeza tu mabati yaliyokuwa yamefunga njia.

Barabara ya Timau naijua kama kiganja changu na leo sikuikumbuka hata kona moja. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori lililokuwa mbele yangu lilionekana kama taa mbili tu zinazopanda mlima polepole. Sikuthubutu kulipita. Nilikaa nyuma yake nikihesabu dakika, nikasema Baba Yetu mara nyingi bila kufika amina, kwa sababu kila nikifika katikati nilianza kufikiria watoto. Sikujua shule ile ina watoto wangapi. Nilipochora mapipa nilipima kwa lita. Watoto sikuwauliza.

Wala sikujua zinki hufanya nini hasa tumboni. Nilijua ni sumu, lakini si sumu ya kiasi gani. Hapo ndipo hofu ilipopata nafasi ya kujenga nyumba. Niliwaona wameanguka. Niliona majeneza madogo. Nisamehewe kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyoyaona, mmoja baada ya mwingine, kwenye kioo cha gari.

Nilipiga simu tena nilipofika ile njia ya udongo. Imezimwa.

Njia ilikuwa tope tupu. Pikapu ikateleza ikalala upande kwenye mtaro, karibu na lango la shule. Nikaiacha hapo mlango ukiwa wazi nikakimbia. Mwanamke wa miaka yangu, na viatu vya karakana, anakimbia katikati ya uwanja wa shule akipiga kelele, "Msinywe! Huo uji msiunywe!"

Watoto wakanitazama. Wengine wakacheka.

Wakubwa walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Wadogo, wale wa chekechea na gredi ya kwanza, walikuwa wamemaliza. Huwa wanapewa kwanza. Walikuwa wanasuuza vikombe kwenye mfereji wa nje, na msichana mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa anamwambia mwenzake kwamba uji wa leo una ladha ya msumari.

Nikafunga mfereji wa pipa nikasimama mbele yake.

"Kuna nini, Mama Mwenda?" Mama Kinya akaniuliza. Alikuwa ameshika kata mkononi na mvuke unampanda usoni. Mwalimu mkuu naye akatoka ofisini, mzee mrefu mwenye koti, akitaka kujua ni nani anayepiga kelele shuleni kwake.

Sasa nafika mahali ambapo sikutaka kufika.

Nilikuwa nimeendesha gari saa nzima nikiwa na maneno mdomoni. Nilipaswa kusema: pipa hili lina sumu, nimeliunda vibaya, mwiteni daktari sasa hivi. Badala yake nilimtazama yule mzee, nikawatazama walimu waliokuwa wanasogea, nikasema, "Kuna kasoro kidogo kwenye mfereji. Nataka kuangalia."

Kasoro kidogo. Kwenye mfereji.

Nikajiambia huenda hakuna kitu. Nikajiambia watoto wako sawa, wanacheza, kwa nini nianzishe hofu. Wakubwa nilikuwa nimeshawazuia, hilo ndilo lililokuwa muhimu. Nikamshika Mama Kinya mkono nikampita, nikaingia jikoni kama mtu anayetafuta spana, nikafunua lile pipa la pili, la kulowekea. Unga ulikuwa umetolewa wote. Juu, ambako unga haukufika, bati lilikuwa linang'aa kama siku niliyoliuza. Kuanzia mstari wa unga kwenda chini lilikuwa limefifia, kijivu cha majivu, na kwenye mishono kuna utando mweupe kama chokaa. Nikapitisha kidole. Ukatoka.

Nilikuwa bado natazama kidole changu niliposikia mtoto wa kwanza akitapika.

Kisha wa pili. Kisha ikawa kama wanaambukizana, mmoja anashika tumbo, mwingine analia anamwita mama yake, walimu wanakimbia huku na huku. Walikuwa kumi na mmoja. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, na tukawabeba. Mimi nilimbeba yule wa kofia ya sufu. Nilijua jina lake baadaye, Ntinyari. Alinitapikia kifuani na akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha.

Pale zahanati daktari, kijana mmoja mtulivu, akauliza wamekula nini. Mwalimu mkuu akasema uji. Daktari akauliza kama una maziwa, na maji yametoka wapi. Hapo mwalimu mkuu akamgeukia Mama Kinya.

"Ulitumia maziwa ya lini?"

"Sijaweka maziwa, mwalimu. Ni ucuru tu, vile napika siku zote."

"Basi ni maji. Au hukuosha vyombo."

"Nimeosha. Ni vipya hata."

"Mama Kinya, watoto kumi na mmoja. Siku zote ni siku zote, lakini leo ni leo. Utaandika taarifa, na jikoni usirudi mpaka wazazi waamue."

Mama Kinya ni mjane. Amepikia shule ile tangu watoto wake mwenyewe wakisoma hapo. Alifungua fundo la aproni nyuma ya shingo, akaivua, akaikunja mara mbili juu ya paja lake kama nguo inayokwenda kuwekwa sandukuni.

Na mimi nilikuwa nimesimama ukutani, mita mbili kutoka kwake, na nimenyamaza.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ilitosha daktari kuwapima watoto watatu. Ilitosha mimi kufikiria karakana kufungwa, polisi, jina langu kanisani, Mwenda akiulizwa shuleni kama mama yake ndiye yule. Nilifikiria pia, na hili linaniuma kuliko yote, kwamba hakuna anayejua. Maji yangeweza kulaumiwa. Ningechukua mapipa yangu nikasema nakwenda kurekebisha mfereji, na ningeyakata vipande vipande Meru, na hakuna mtu angejua mpaka siku ya mwisho. Wazo hilo halikuja kama kishawishi cha shetani kwenye mahubiri. Lilikuja kama mpango wa kazi, na hatua zake zote.

Kisha Mama Kinya akanitazama. Hakunishuku chochote. Alinitazama kama mtu anayetafuta uso anaoujua kwenye chumba.

"Mwalimu, si yeye," nikasema. "Ni pipa. Ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikaeleza yote. Kwamba lile bati limevishwa zinki, kwamba ukali wa uji unaiyeyusha ile zinki, kwamba imekuwa ikiingia kwenye unga tangu juzi, na kwamba nilikuwa najua jambo hili tangu chuoni na sikulifikiria. Nikamwonyesha daktari kidole changu chenye ule unga mweupe.

Hakupoteza muda na mimi. Akatoka kwenda kupiga simu kwa daktari mwingine hospitali kuu, akaeleza, akasikiliza, akarudi na uso uliolegea kidogo. Kutapika kwenyewe kunawasaidia, alisema. Waendelee kupewa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, tuwatazame, na anayelegea sana awekewe dripu. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa unajua ulipoingia pale shuleni?"

"Ndiyo."

"Ungesema ulipoingia."

"Ndiyo," nikasema.

Basi. Akarudi kwa watoto. Ningependa angeongeza neno.

Wazazi walianza kufika kabla ya saa sita. Habari huku hazihitaji gari. Wengine walitoka kwenye mashamba ya maua na magwanda ya kazi, wengine na majembe. Nilitaka kujificha kwenye choo cha zahanati na nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kuelekea huko. Mwalimu mkuu akaniambia, bila ukali, "Wewe kaa hapa. Ukiondoka watasema umetoroka." Nikakaa kwenye benchi la nje, mbele ya watu wote, na matapishi ya Ntinyari yamenikaukia kifuani.

Baba yake Ntinyari ndiye mwenyekiti wa wazazi, yule niliyempigia simu mara nne. Alikuja na trekta. Aliingia kumwona mtoto, akakaa sana, kisha akatoka akasimama mbele yangu. Alikuwa ameona simu zangu akiwa njiani.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilifundishwa. Nikasahau."

Alifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nikisahau kipimo cha dawa, ngano inaungua," akasema. "Napanda tena mwaka unaofuata." Akatazama dirisha la zahanati.

Mmoja wa kina mama alisema niitiwe polisi. Mwingine akasema tungoje tuone watoto. Nilisikia yote na sikuinua kichwa. Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa tayari kwa lolote, lakini sikuwa. Kila pikipiki iliyosimama pale nje, nilidhani ni ya askari.

Watoto walianza kupata nafuu kama saa saba. Mmoja alisimama kitandani akauliza kama wamekosa kipindi cha michezo. Saa nane wengi walikuwa nje wanakimbizana na walimu wanawaambia wakae. Ntinyari peke yake ndiye aliyewekewa dripu, kwa kuwa ni mdogo wa mwili na alikuwa amekunywa vikombe viwili. Nilikaa na mama yake karibu na kitanda, tukitazama matone. Hakunifukuza. Saa tisa na nusu mtoto akafumbua macho, akaona ndizi mkononi mwa kaka yake, akasema hiyo ni yake. Wakagombana. Hapo ndipo mama yake alipoanza kulia, na mimi pia, kila mtu na upande wake.

Daktari amesema watalala vizuri. Wazazi wamekubaliana wasiite polisi leo. Kesho saa tatu kuna mkutano shuleni na mimi nitakuwepo, nieleze mbele ya wote, kisha waamue. Mapipa yamefungiwa stoo, na mwalimu mkuu ana ufunguo.

Kabla sijaondoka nilikwenda jikoni. Mama Kinya alikuwa amerudishiwa aproni yake na alikuwa anapika githeri, mahindi na maharage, kwenye sufuria za zamani. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba msamaha mbele ya walimu, na hilo lilinigusa, kwa sababu wakubwa wa huku si wepesi wa kuomba msamaha. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Ulikuwa unaangalia mfereji?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Hapana."

"Nilijua." Akakoroga. "Vile ulinishika mkono ukapita, nilijua si mfereji. Nikasema, acha, Mama Mwenda ataniambia."

Nikamwambia naomba anisamehe. Akasema moto unazima, nimsogezee kuni. Nikasogeza.

Vijana wa shamba jirani walinisaidia kuitoa pikapu mtaroni. Nilipofika karakana Mzee Gitonga alikuwa bado yupo, hakuwa amefunga. Nikamweleza. Aliketi kwenye kigoda akavua miwani yake ya kuchomelea, akasema yeye pia alichomelea mapipa yale akijua ni ya uji, na kwamba alinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Hilo nalo nimekuja nalo nyumbani.

Tukafungua daftari la kazi tukatafuta. Mapipa ya namna hiyo tumeshatengeneza mengine mawili. Moja liko Laare, kwa mwenye hoteli. Nikampigia, akasema ni la maji ya kunawa wateja na hawezi kuliwekea kitu kingine. Nikamwomba aape. Akacheka, akaapa.

La pili liko Embu, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Mama Muthoni. Alilinunua kwa ajili ya shughuli ya binti yake, wanapokea wakwe Jumamosi hii. Nilipompigia alikuwa na furaha ya mtu mwenye wageni.

"Pipa iko sawa mama, tumeshaanza kuitumia. Uji tumelowekea jana."

Nikamwambia aumwage.

"Niumwage? Unga wa debe mzima? Wageni wanakuja kesho kutwa."

"Umwage, mama. Usimpe mtu, usimpe hata nguruwe. Watoto wametapika leo Timau kwa pipa kama hilo. Mimi ndiye niliyelitengeneza."

Nilisikia sauti za wanawake nyuma yake, mtu anacheka, sufuria zinagongana. Kisha akasema polepole, "Tulionja asubuhi. Dada yangu alisema una ukakasi. Tukamwambia ana maringo." Akaniacha kwenye simu. Nikasikia hatua, nikasikia kifuniko, kisha kile kishindo kizito cha uji ukimwagika kwenye udongo. Aliporudi aliniuliza kama wale watoto wako hai. Nikamwambia wako hai wote. Akasema asante, akakata.

Kwa hiyo nimeamua mambo, na nayaandika hapa ili nisije nikayakana. Hakuna kazi itakayotoka kwangu bila mimi kumuuliza mteja, kwa lugha anayoielewa, ni kitu gani hasa kitakaa ndani yake, kitakaa kwa muda gani, na kina ukali au hakina. Chombo cha chakula ni stenlesi au hatutengenezi, hata mteja akikasirika aende kwa mwingine. Na Mzee Gitonga ana ruhusa ya kunibishia, tena nimemwambia ni lazima anibishie.

Hayo ni rahisi kuandika. Ni mambo ya kazi, na kazi naijua.

Lakini kuna swali nimerudi nalo kutoka Timau na hakuna rangi ya kulifunika. Nilisema kweli pale zahanati, na kesho huenda mtu akanisifu kwa hilo. Mwalimu mkuu amekwisha kusema ni wachache wangejitokeza. Mimi najua ilivyokuwa. Nilisema kwa sababu Mama Kinya alikuwa amekaa pale na aproni yake juu ya paja. Je, kama lawama ingekuwa ya maji tu? Kama hakungekuwa na mtu wa kubebeshwa mzigo wangu, ningefungua mdomo?

Nimejiuliza tangu nivuke lango la shule. Jibu ninalolipata silipendi, na sina la kulibadilishia.

Mume wangu anagonga mlango sasa, chai imepoa. Nitamweleza yeye kwanza, bila kuruka ile sehemu ya mfereji. Kesho saa tatu nitawaeleza wazazi, na hiyo sehemu ndiyo nitakayoanza nayo.